Viti Viwili Chini ya Nyundo

Nilikiona kiti chake kabla sijamwona yeye, na hasira ikanipanda palepale, katikati ya watu waliovaa vizuri na kushika vikombe vya kahawa.

Kilikuwa kimewekwa juu ya jukwaa dogo, kando ya kiti changu, mikono ya viti ikikaribiana kiasi cha kupitisha kiganja tu. Changu nilikileta mwenyewe wiki iliyopita, kimefungwa blanketi. Nilimkabidhi karani wa mnada, nikatia saini, nikatoka bila kugeuka nyuma, nikijisifu kwamba sasa nimepona. Chake sikujua kimefika lini wala kimeletwa na nani. Lakini nilikijua. Ningekijua hata gizani kwa kukipapasa: mbao za msaji, mgongo ulioinama kidogo, na kikalio cha kamba nilizozisuka kwa vidole vyangu hivi hivi.

"Hebu niambie kama naona vibaya," dada yangu akasema pembeni yangu. "Vile si viwili?"

"Ni viwili."

"Na wewe ulileta vingapi?"

"Kimoja."

Dada akaangua kicheko, akajiziba mdomo. "Basi Bwana Kimya naye kauza! Jamani nyie watu! Hata kuachana mnaachana kwa kupatana."

Bwana Kimya ndilo jina alilompa mume wangu siku ya kwanza nilipomleta nyumbani, akakaa jioni nzima akijibu maswali ya baba kwa kutikisa kichwa. Lilikuwa jina la utani, tukalicheka sote, na yeye mwenyewe akalicheka. Baadaye utani uliisha, jina likabaki.

"Tuondoke," nikasema.

"Tuondoke twende wapi? Mimi nimevaa viatu vya kuniumiza kwa ajili ya mnada huu. Siondoki mpaka nione nyundo inagonga."

Akanishika mkono akanivuta kwenye maonyesho, tukawa tunapita mbele ya picha za kisasa zilizotundikwa ukutani kama watu wanaojua wanachokitazama. Palikuwa na turubai kubwa nyeupe yenye doa moja jekundu kwenye kona. Dada aliitazama kwa makini, akapinda shingo, akasema huyu mchoraji alimwagikiwa na rangi, akaona aibu kufuta. Nilicheka ili nisilie. Kulikuwa na taa ya shaba yenye shingo ndefu, kabati la chini la milango ya kuteleza, meza ya kioo yenye miguu mitatu. Vitu vya katikati ya karne iliyopita, vya wakati ambao mafundi waliacha kuchonga maua kwenye mbao wakaiachia mbao yenyewe iseme. Hivyo vitu nilivipenda kabla sijampenda mwanamume yeyote. Mimi ni fundi wa samani. Nasuka vikalio, nashona makochi, naunganisha viungo vilivyoachana. Vya mbao, namaanisha.

Na katika ukumbi huu huu ndimo nilimokutana naye. Siku hiyo viti hivi viwili, kazi ya mbunifu aliyekwisha kufa na ambaye vitu vyake vilivyobaki vinagombewa, viliuzwa kimoja kimoja. Nilikipata cha kwanza. Nikajua na cha pili ni changu, nikajisahau, nikageuka kumnong'oneza dada, nyundo ikagonga. Kimechukuliwa. Kuangalia nyuma nikamwona kijana mrefu, msanifu majengo kama nilivyokuja kujua, kashika kibao chake cha namba kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Niuzie," nikamwambia nje.

"Niuzie wewe," akajibu.

Tuligombana kwa simu, tukagombana kwa chai, tukagombana tukitembea. Hakuna aliyemuuzia mwenzake. Mwisho viti vikakaa sebule moja, na sisi tukakaa juu yake. Watu walisema viti vilioana kwanza, sisi tulikuwa wapambe tu.

Nilipoondoka nilibeba nguo zangu, vifaa vyangu vya kazi na kiti changu. Chake nilikiacha. Kwa karatasi mimi bado ni mke wake. Kwa miguu nilishaondoka tangu mvua za mwaka jana.

"Umependeza."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Sikugeuka. Mwili ulitaka kugeuka, nikaukatalia.

"Nani kakuruhusu kuuza?" nikauliza huku nikilitazama lile doa jekundu.

"Nilitaka kukuuliza swali hilo hilo."

"Mimi nimeuza changu."

"Na mimi nimeuza changu."

"Shemeji, hujambo," dada akaingilia kwa sauti ya asali. "Tunaona kumbe una mdomo."

"Sijambo, shemeji."

"Haya, mimi naenda kutafuta kahawa. Mkipigana, mpigane mbali na hiyo meza ya kioo."

Akaondoka. Nikageuka, na kosa langu lilikuwa hilo. Alikuwa amekonda. Kola ya shati ilimkaa shingoni kwa nafasi, na ndevu alizokuwa akizinyoa kila asubuhi amezisahau upande mmoja, chini ya taya, pale pale ambapo zamani nilikuwa namwonyesha kwa kidole. Kidole kiliniwasha. Nikakifunga ngumi.

"Kwa nini unakiuza?" akauliza.

"Anza wewe."

"Mama alisema..."

"Bila shaka."

"Ngoja nimalize."

"Miaka minne nimengoja umalize! Miaka minne, bwana. Kila sentensi yako inaanza na mama alisema, halafu inakufa."

Bibi mmoja aliyekuwa akipima kabati kwa futi ya kitambaa alitutazama, akasogea mbali kidogo, akaendelea kusikiliza.

"Mama alisema," akarudia polepole, "sebule imekuwa kama chumba cha kusubiria daktari. Kiti kimoja, kimeelekezwa ukutani."

"Kwa nini kimeelekezwa ukutani?"

"Pale ukutani ndipo kilipokuwa chako."

Nilimchukia kwa kuniambia hivyo mbele za watu. "Ungekigeuza," nikasema.

"Sikuweza. Ndiyo nikakileta hapa. Sikujua na wewe umeleta. Nimeviona asubuhi, nikamwendea karani aniondolee changu, kaniambia muda wa kuondoa mali ulipita jana."

"Vizuri. Viende."

"Unasema hivyo kwa dhati?"

"Unamwona yule?" Nilimwonyesha kwa kidevu mwanamume mnene wa shati la hariri aliyekuwa amepiga goti mbele ya viti vyetu, akikuna mbao kwa ukucha. "Ananunulia hoteli. Mwaka jana alinunua kabati la mbao za mlozi, nikaenda kuliona. Kalipaka rangi nyeusi inayong'aa, kaweka juu yake mashine ya kahawa. Ndiko vinakokwenda. Na tumevileta wenyewe, mimi na wewe, kila mtu kwa gari lake."

"Naweza kununua chako," akasema. "Chako si mali yangu. Naruhusiwa."

"Usithubutu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sitaki kikae nyumba ya mama yako."

"Ni nyumba yangu."

"Tangu lini?"

Akafungua mdomo. Nikasubiri. Nawaambia kweli, nilisubiri kwa moyo wote, maana neno moja tu la hasira lingenitosha siku ile. Akaufunga.

"Ndiye huyo," nikasema, "Bwana Kimya mwenyewe." Nikampita.

Mama yake alikuwa ameshakaa, safu ya tatu, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama aliyekuja kutoa ushahidi. Kwa adabu niliyolelewa nayo nisingeweza kumpita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," aliujibu mkoba. Halafu akaniinulia macho. "Bado unashona makochi ya watu?"

"Bado, mama."

"Kazi nzuri. Inamfaa mtu asiye na mambo nyumbani."

Yalikuwa maneno madogo ukilinganisha na yale mengine. Yale mengine aliyasema mezani kwake, mchana wa watu wengi, shangazi na wajomba wamejaa, mimi nimesimama na bakuli mkononi. "Mwanangu nyumba yake imejaa viti," alisema, "viti visivyo na wa kuvikalia." Meza nzima ilielewa. Kijiko cha mtu kilisimama hewani. Mimi niliyekwenda kwa madaktari watatu, niliyelia chooni nimefungua bomba ili nisisikike, nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama sahani yake. Niliweka bakuli mezani taratibu, nikaenda kufunga nguo zangu. Wengi walidhani niliondoka kwa sababu ya maneno ya mama mkwe. Maneno ya mama mkwe ningeyameza. Ile sahani ndiyo iliyonishinda.

Nilikaa na dada safu ya nyuma. Mnadishaji akapanda jukwaani: mwanamke mfupi, miwani kwenye ncha ya pua, sauti ya mwalimu mkuu. Akatukumbusha masharti. Atakayeinua kibao amesema, hakuna kurudi nyuma. Mwenye mali haruhusiwi kupandisha dau kwenye mali yake mwenyewe. Na kwa vile viti viwili vya msaji ni jozi iliyotoka kwa wenyewe wawili tofauti, vitauzwa kimoja kimoja, lakini atakayeshinda cha kwanza atakuwa na haki ya kuchukua na cha pili kwa bei ile ile.

"Cha kwanza ni kipi?" dada akanong'ona.

"Changu."

"Kwa hiyo wewe huruhusiwi kukigusa."

"Siruhusiwi."

"Na hoteli ikikipata hicho, inabeba vyote."

"Inabeba vyote."

"Na mtu pekee anayeweza..." Akanitazama. "Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia asithubutu."

"Wewe mwanamke," dada akasema, "una akili kweli?"

Lile doa jekundu lilikwenda kwa bei iliyomfanya dada avue viatu. Taa ikaenda, meza ya kioo ikaenda. Halafu vijana wawili wenye glavu nyeupe wakainua kiti changu, na mimi nikahisi kama nimeinuliwa mimi.

Mtu wa hoteli alianza kabla mnadishaji hajamaliza maelezo. Bibi wa futi ya kitambaa akapandisha. Mtu aliyekuwa akinunua kwa simu akapandisha. Hoteli. Simu. Hoteli. Bibi akatikisa kichwa akajitoa, na baada yake mtu wa simu akakata. Mtu wa hoteli alikaa vizuri kwenye kiti chake, akaanza kufungua kifungo cha shati.

"Mara ya kwanza," mnadishaji akasema.

Nilikitazama kisogo cha mume wangu, kando ya mama yake. Kilikuwa hakisogei. Nilikuwa nimemwambia asithubutu, na sasa nilikuwa nang'ata mdomo, namsihi kimoyomoyo athubutu. Mtu akikwambia mapenzi yana heshima, mwambie aje aniulize mimi.

"Mara ya pili."

Kibao kikainuka safu ya tatu.

Mama yake alimshika mkono wa koti palepale. Sisi wa nyuma tulimsikia wazi. "Weka mkono chini, mwanangu." Hakujibu. Hakushusha. Hoteli ikapandisha, naye akakiacha kibao pale pale juu, bila hata kukishusha kati ya dau na dau, na mama yake ananing'inia kwenye mkono wa koti. Hoteli ikapandisha tena. Kibao hakikutikisika. Mwishowe mtu wa hoteli alimgeukia, akampima, akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

Nyundo ikagonga.

"Hongera, bwana," mnadishaji akasema. "Na cha pili unakichukua kwa bei hiyo hiyo?"

Alikigeuza kibao mkononi.

"Bwana? Unayo haki ya kukichukua. Unakitaka?"

Alisimama. Akakohoa. "Nakitaka," akasema, "lakini siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

"Cha pili ni changu. Mimi ndiye ninayekiuza."

Ukumbi ukacheka. Mnadishaji akavua miwani. "Na hiki ulichonunua sasa hivi?"

"Ni cha mke wangu."

Vichwa vikageuka safu kwa safu vikitafuta mke. Dada yangu, Mungu amsamehe, alininyooshea kidole juu ya kichwa changu ili watu wasipate shida.

Mnadishaji alinitazama, akamtazama yeye, akavaa miwani. "Mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani," akasema. "Haki ya cha pili imeanguka. Tunakifungua kwa wote." Na vijana wa glavu wakakiinua kiti chake.

Ndipo nilipoelewa. Cha kwanza yeye hakukatazwa kukinunua. Na cha pili, mtu mmoja muhimu katika ukumbi ule hakukatazwa kukinunua, naye ni mimi. Amekichukua changu mbele za watu, sasa amesimama pembeni, mikono mitupu, hana la kufanya ila kusubiri nitakachofanya mimi. Na aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu mnada uanze, aligeuka mwili mzima akanitazama. Macho yale nilikuwa nayafahamu yakiwa usingizini, yakiwa na homa, yakiwa na furaha. Sikuwahi kuyaona yakiomba.

Hasira zangu zote zilinishauri nikalie kibao changu. Akione kinavyokwenda hotelini kupakwa rangi. Ajue inavyouma kumtazama mtu usoni na mtu huyo akatazama sahani.

Mtu wa hoteli alitupa dau la chini, kama mzaha. Nusu ya jozi haikuwa na kazi kwake. Nilipumua. Nikajiambia ngoja kidogo, mwache akae roho juu kidogo, haki yangu hiyo.

Na hapo kibao kingine kikainuka. Safu ya tatu. Namba nisiyoijua.

"Mama mkwe wako!" dada akasema. "Kumbe kajiandikisha!"

Sikumbuki kuinua mkono. Nakumbuka mnadishaji akininyooshea nyundo, "Asante, mama wa nyuma," na mama mkwe akigeuka polepole kunitazama.

Akapandisha. Nikapandisha. Mtu wa hoteli alijaribu mara moja katikati yetu, akaona hewa iliyopo, akashusha kibao chake akakiweka chini ya kiti.

"Mama, cha nini kwako?" nilimsikia mume wangu.

"Kikae kwangu na hicho ulichonunua," mama yake akasema, wala hakupunguza sauti. "Asipate cha kumrudisha." Akapandisha.

Nikapandisha. Dada alikuwa akinifinya paja, ananikumbusha kwamba fedha niliyonayo ni ile ile niliyolipiwa kiti changu dakika chache zilizopita, na kwamba ikiisha imeisha. Nilijua. Nilikuwa ninamnunua mume wangu kwa fedha ya mume wangu, na ilikuwa inakaribia mwisho.

Dau likafika pale fedha yangu ilipoishia. Langu lilikuwa juu, na juu yake sikuwa na kitu.

"Mara ya kwanza," mnadishaji akasema.

Mama mkwe alikiinua kibao hadi usawa wa bega. Halafu akasimama, kwa sababu alikuwa na la kusema na alitaka lisikike. "Wacha nimwambie ukweli huyu binti," akasema. "Viti utakusanya mpaka vijae nyumba. Wa kuvikalia utam..."

"Mama. Shusha mkono."

Haikuwa sauti kubwa. Ila ukumbi mzima uliisikia, maana hakuna aliyekuwa anapumua.

"Unasemaje?"

"Nimesema shusha mkono, mama." Alikuwa amesimama mbele yake. "Na hayo maneno usiyamalize. Uliyasema mezani nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ya woga, siyo kwa sababu ya heshima, na nimekaa mwaka mzima naangalia ukuta kwa ajili ya woga ule. Watoto hatujapata mimi na yeye. Wote wawili. Ukitaka kumsema, anza na mimi niliyetoka tumboni mwako."

Mkono wa mama mkwe ulikuwa bado nusu njia, juu si juu, chini si chini.

"Samahani, mama," mnadishaji akasema kwa upole ambao sikuutegemea kwake. "Unapandisha, au unapumzisha mkono?"

Yule mama alimtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda, kama anayetafuta usoni mwake mtoto aliyemzoea. Halafu akakaa. Kibao akakiweka juu ya mkoba, kifudifudi.

"Mara ya pili," mnadishaji akasema haraka haraka. Nyundo ikagonga, na watu wakapiga makofi ambayo hayakupigwa hata kwa lile doa jekundu. Mimi nilikuwa nalia, na nilikuwa na hasira kwamba nalia.

Mahali pa kuchukulia mizigo ni uani, nyuma ya ukumbi, kwenye sakafu ya saruji iliyojaa karatasi za kufungia na kamba. Mama mkwe alinikuta pale nikisubiri, nimeshika kiti cha mwanawe. Nilidhani atanipita.

"Kigumu kiti kile," akasema, akikitazama. "Nimekikalia. Mgongo utakuuma."

"Nimekisuka mwenyewe, mama. Nilizikaza kamba kwa sababu yeye ni mzito. Changu nilizilegeza."

Alitafakari jibu hilo. Sijui alilipeleka wapi. "Haya," akasema, akaenda kwenye gari lake bila kumngoja mtu.

Naye mume wangu akatokea mlangoni, amekumbatia kiti changu kifuani, miguu ya kiti ikimgonga magotini. Mimi nimeshika chake. Tulisimama hivyo. Dada alitangaza kwamba ana jambo la kuangalia kwenye injini, akafungua mlango wa abiria, akaketi ndani akijitazama kwenye kioo.

"Leo nimesema," akaniambia.

"Nimesikia. Hata mtu wa simu atakuwa amesikia."

Alitabasamu. Mimi sikutabasamu, nikaona tabasamu lake linarudi ndani.

"Usidhani nimekusamehe," nikasema. "Umesema mara moja. Mimi nilikaa pale mezani mara nyingi, ile ya bakuli ilikuwa ya mwisho tu. Huwezi kuja na dakika moja ya ukumbini ukafuta yote."

"Najua."

"Najua, najua. Na mimi nilikuwa nadhani hujui."

"Sina jibu la hilo," akasema. "Ningekuwa nalo ningekupa."

Hilo angalau lilikuwa kweli. Nililaza kiti chake nyuma ya gari, nikapitisha kiganja chini ya kikalio kama ninavyofanya kwa kazi ya mteja. Upande wa mbele kamba zilikuwa zimekatika mbili. Alikuwa anakalia upande mmoja. Upande uliokuwa ukielekea changu.

"Umekiharibu," nikasema.

"Nitakulipa ukitengeneza."

"Sitaki malipo yako. Nitatengeneza kwa sababu ni kiti changu sasa." Niliifunga kamba ya mzigo, nikaifungua, nikaifunga tena, na mikono yangu hii haijawahi kukosea fundo. "Ukitaka kukiona, njoo karakana. Mwenyewe."

"Mwenyewe."

"Siyo mama alisema."

"Mwenyewe."

"Na usije mikono mitupu."

"Nije na nini?"

"Usiniulize mimi!" Nilifoka hadi dada akageuka ndani ya gari. "Miaka yote mimi ndiye ninayekwambia. Sema wewe."

Akanyamaza. Nilikijua kimya hicho, urefu wake na uzito wake. Basi. Aliyomwambia mama yake yalikuwa ya siku moja. Nikaenda mlango wa dereva, nikaufungua, nikatia mguu mmoja ndani.

"Nitakuja na kiti," akasema nyuma yangu. "Na sitaondoka nacho."

Nikaingia, nikaufunga mlango kwa nguvu, ili asinione usoni.